Jokofu Lililoitwa Kikaoni

Ipo nchi moja, na usiniulize iko upande gani, maana ukifika utaijua kwa makofi. Inaitwa Jamhuri ya Kongole. Wenzetu wana madini, wenzetu wana mbuga za wanyama. Sisi Wakongole tuna viganja. Watoto wetu hufundishwa kupiga makofi kabla hawajajua kutembea, na mtu aliyekatika mkono hupewa kibali maalumu cha kugonga meza.

Mimi ni mshereheshaji. Nasema hivyo kwa kujidai, na asiyependa azibe masikio. Jina langu ni Mwinjuma Kapera, lakini mtaani naitwa Baba Siwema, kwa jina la binti yangu wa pekee. Kipaza sauti cha Wizara ya Afya nimekishika tangu enzi za yule waziri aliyezindua mlango wa zahanati, zahanati yenyewe ikiwa haijajengwa. Nilikuwepo. Mlango ulisimamishwa peke yake katikati ya majani, Mheshimiwa akaufungua, akapita, akatokea upande wa pili, nikasema "pasha viganja!" na umma ukapiga makofi ya mvua. Makofi ya mvua ni yale yanayoanza kidole kimoja, yakapanda vidole viwili, mpaka yanakuwa gharika. Mimi ndiye niliyeyaleta nchini, ingawa siku hizi kila kijana mwenye spika anajifanya ni yake.

Kazi yangu kubwa ni Kikao cha Kujifunza kwa Pamoja. Hapa timu za uboreshaji wa huduma kutoka hospitali zote hukutana kila baada ya miezi mitatu, wabandike mabango yao ukutani, waelezane nani amepunguza vifo vya wazazi na kapunguzaje, ili wengine waige. Wazo zuri, nani atalikataa? Nasikia nchi nyingine watu wakishaelezana hurudi kwao wakafanye. Kongole tuliona huo ni uchoyo. Kama kitu kinafanya kazi mahali fulani, kwa nini wafaidi watu wa mahali hapo peke yao? Ndiyo maana tuna kanuni, na kanuni ni fupi: chochote kinachofanya kazi kiitwe kikaoni.

Zahanati ya Mkoko Mmoja ilikuwa na bomba linalotoa maji. Basi bomba likang'olewa, likaletwa ukumbini juu ya mto mwekundu, na wataalamu wa nchi nzima wakapanga foleni kulizungusha kushoto na kulia. Wengine waliondoka na machozi. Mama mmoja aliyekuja nalo akauliza, "Sasa kule kwetu maji tutakinga wapi?" Swali lake lilisifiwa sana, likawekwa kapuni.

Kapu nalo usilidharau. Ni kapu la ukili, kubwa, hukaa miguuni pa jukwaa, na kila swali gumu huandikwa kikaratasi likatumbukizwa humo, lijibiwe mwishoni muda ukiruhusu. Muda haujawahi kuruhusu. Kuna panya amezalia humo mara chungu nzima, na kusema kweli hakuna mzazi mwingine nchini tuliyemtunza vizuri kama yule.

* * *

Sasa nikupeleke Hospitali ya Ng'ambo Mbili, maana ndiko mambo yalikotokea, na ndiko kwetu.

Ng'ambo Mbili palikuwa na mkunga anaitwa Sista Leokadia Mbunda. Mwanamke mfupi, mkali, sauti kama king'ora. Wazazi walikuwa wakifa pale kwa kutokwa damu, naye akachoka kuwafunika mashuka. Akasumbua wakubwa mpaka akapata jokofu la damu. Likakaa hatua chache tu kutoka wodi ya wazazi, damu ndani, funguo shingoni mwake. Mzazi akianza kumwagika, anakimbia, anarudi, anatundika. Hakuna ajabu yoyote hapo. Lakini wazazi wakaacha kufa, na habari ikafika wizarani, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kwanza alipewa kombe. Kombe la dhahabu, au rangi ya dhahabu, kubwa kiasi cha kuogeshea mtoto. Likawekwa mapokezi. Kisha, kwa mujibu wa kanuni, Sista Leokadia akaitwa kikaoni aelezee. Akaelezea. Wakampenda, wakamwita kikao kingine, na cha mikoa, na cha kanda, wakamvisha mshipi wa kijani wenye maandishi MKUNGA WA MFANO. Washiriki wakasema hawalioni vizuri hilo jokofu kwenye picha. Likaitwa jokofu. Wakasema hawaelewi kitanda kilikaa upande gani wa jokofu. Kikaitwa kitanda. Ikaitwa taa, ikaitwa jenereta, na mwishoni akaitwa hata Mzee Chande, mlinzi, kwa sababu ilisemekana anafungua geti upesi. Akawa anasimama jukwaani na geti lake, analifungua, analifunga, watu wanashangilia.

Hospitalini likabaki kombe.

Utauliza, na wazazi je? Swali zuri, lakini utalikuta limeshajibiwa na wataalamu. Wazazi walikuja Ng'ambo Mbili, wakaambiwa wasogee mbele hospitali nyingine, wakafia njiani. Na mtu akifia njiani, tangu lini akawa wa Wizara ya Afya? Huyo ni wa Wizara ya Barabara. Ndivyo ilivyokubaliwa kwenye kikao cha mawaziri, na Waziri wa Barabara alipong'aka aliambiwa ajenge barabara fupi. Kwa hiyo vifo vya wazazi Ng'ambo Mbili vikabaki sifuri, na mimi mwenyewe nikaitangaza ile sifuri kwa sauti yangu hii, nikaivuta mpaka ikatoa mwangwi.

* * *

Siwema alipopata ujauzito, mama yake alitaka ajifungulie kwa masista wa misheni, kule mlimani.

"Kuna kijumba kidogo lakini watu wapo," mke wangu alisema. "Ukiita, mtu anaitika."

"Mama nawe!" Siwema akacheka. Alikuwa mcheshi huyo, kicheko chake kilitangulia mlangoni kabla yake. "Yaani baba atangaze nchi nzima kwamba Ng'ambo Mbili hafi mtu, halafu mtoto wake mwenyewe apande mlima? Si watasema baba muongo? Mimi nakwenda penye kombe."

Mumewe, Shebe, fundi cherehani mpole asiye na maneno, akasema yeye atakwenda popote mkewe atakapokwenda. Mama Siwema akanigeukia. "Baba Siwema, wewe unaingia huko kwenye vikao vyao. Hebu sema. Pana watu pale hospitalini, au hapana?"

Nikamwambia pana kombe. Nilisema kweli. Kombe nililiona kwa macho yangu.

* * *

Kikao cha robo ile kilifanyika Ng'ambo Mbili kwenyewe, kwa heshima ya mabingwa. Ukumbi wa Utamaduni uko ng'ambo ya barabara, ukisimama dirishani unaona paa la wodi. Timu zilitoka kila pembe ya nchi, madaktari, wakunga, wauguzi, wafamasia, watu mia tatu waliosomea kuokoa roho, kila mmoja na beji shingoni na mkoba wenye picha ya Waziri. Hospitali zao walizifunga au waliwaachia wafagizi. Ukitaka kujifunza kwa pamoja lazima muwe pamoja.

Jukwaani palipangwa wodi nzima ya Ng'ambo Mbili: kitanda, taa, stendi ya kutundikia damu, meza ya dawa, geti la Mzee Chande, na katikati, jokofu, limefungwa utepe mwekundu wenye fundo kama kitunguu. Kila kitu kilibandikwa USIGUSE. Humo ndani mlikuwa na damu ya kweli. Mratibu Mkuu ndiye aliyesisitiza.

Huyu Mratibu Mkuu anaitwa Dokta Fidelisi Upepo. Ni msomi wa vikao. Hajagusa mgonjwa tangu ahitimu, anasema wagonjwa wanamvurugia takwimu. Anaongea taratibu, anafumba macho, na kila sentensi yake inaishia mahali ilipoanzia.

Asubuhi fundi mitambo alinifuata. "Mzee, soketi nzima ukumbini ni moja tu. Nichomeke nini?"

"Unaniuliza mimi?" nikamwambia. "Chomeka kinachotakiwa." Nikaenda kunywa chai. Niliporudi kipaza sauti kilikuwa kinanguruma vizuri, nikamsifu kwa kazi nzuri.

Tukaanza. Nikasoma kanuni za kikao: simu zizimwe, kila wazo ni zuri, hakuna kutoka kabla mgeni rasmi hajafungua. Tukaandika matarajio yetu. Tukafanya mchangamsho, ule wa kuigiza mti unaotikiswa na upepo. Dokta Fidelisi akasema, "Ndugu washiriki, kujifunza ni mchakato, na mchakato ni kujifunza, na sisi tuliopo hapa ni mchakato." Nikasema pasha viganja. Wakapasha. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri Profesa Kasimba Telela, alikuwa bado yuko njiani, na saa zilikuwa zinakwenda, tukarudia mti.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikaiacha. Ikatetemeka tena. Kanuni nilizisoma mwenyewe, sikuweza kuzivunja mbele ya watu mia tatu. Ikatetemeka mpaka nikahisi paja linawaka moto, kisha ikanyamaza, na mimi, nisamehewe, nilishusha pumzi.

* * *

Mara nikasikia sauti ya mke wangu kwenye meza ya usajili, huko mlangoni.

"Tupisheni! Tupisheni jamani, mtoto wangu anakwisha!"

Shebe na jirani yetu walikuwa wamebeba machela. Siwema juu yake, kajifunika kanga, na kanga imelowa mpaka inadondosha. Mama yake yuko pembeni, kifuani kambeba mtoto mchanga aliyeviringishwa kwenye shati la Shebe. Siwema alikuwa ameshajifungua. Alijifungua pale mapokezi, chini ya kombe, mama yake akiwa mkunga, kwa sababu walipita wodi zote wakiita na hakuna aliyeitika. Mtoto akatoka mzima, analia. Damu ndiyo haikukoma.

Binti wa usajili alisimama, mpole, amefunzwa vizuri. "Karibuni sana. Mgonjwa ana beji?"

"Ana nini?"

"Beji, mama. Bila beji haingii mtu. Anatoka timu ya wapi?"

Mke wangu alisema neno ambalo sitalirudia, na katika maisha yetu yote sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Binti akaandika haraka haraka beji mbili, ya Siwema na ya mtoto, MSHIRIKI na MSHIRIKI, akawavisha. Hapo ndipo wakaruhusiwa kupita.

Sista Leokadia aliwaona kutoka jukwaani. Alikuwa kasimama pembeni ya jokofu na mshipi wake. Hakuuliza kitu. Aliruka chini, akamsaidia Shebe kupandisha machela, akamlaza Siwema kwenye kile kitanda cha USIGUSE, akamweka ngumi tumboni na kukandamiza kizazi kwa uzito wake wote. "Dawa!" akapiga kelele. Mzee Chande akaacha geti lake akakimbilia meza ya dawa. Maboksi yalikuwa matupu. Yalikuwa ya maonyesho.

"Damu, basi! Fungua friji!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Mnaelewa? Ratiba ilikuwa imeandika, baada ya mti: IGIZO LA MZAZI ANAYETOKWA DAMU. Watu walikuwa wameigiza vibaya kwa miaka, kwa mto tumboni na wino wa kalamu nyekundu, na sasa, looh, hawajawahi kuona kitu kama kile. Madaktari walisimama juu ya viti. Mkunga mmoja wa mbele alimwambia mwenzake, "Wametumia nini? Juisi ya rosela?" Mwenzake akasema, "Rosela haigandi hivyo."

Nikashika kipaza sauti. "Jamani," nikasema, "hili si igizo. Huyu ni binti yangu. Huyu ni Siwema wangu. Mnisaidie jamani, nyie ni madaktari, mnisaidie, mtoto wangu anakufa!"

Makofi yakazidi. Wakaanza yale ya mvua, bila mimi kuwaongoza.

* * *

Dokta Fidelisi alinikaribia, akaninong'oneza kwa upole. "Baba Siwema, nakupa pole na nakupongeza. Hoja yako ni nzito. Lakini utepe hukatwa na mgeni rasmi. Tukikata sisi, Mheshimiwa atakata nini?"

"Dokta, nakuomba kwa Mungu."

"Naona tuiweke kapuni," akasema, na kwa kweli akaandika, Siwema, mzazi, damu, akatumbukiza. Panya akatoka akakimbia.

Mke wangu akampa Shebe mtoto na kwenda kuushika ule utepe kwa meno. Walinzi wa itifaki wakamshika mikono, kwa heshima zote, wakimwita mama, na nje king'ora kikalia. Waziri kafika. Watu mia tatu wakageukia mlango. Wimbo wa taifa ukapigwa, wote, unajua ulivyo mrefu, una beti kwa kila mkoa. Sista Leokadia peke yake hakusimama wima. Alikuwa kainama na ngumi yake tumboni mwa mwanangu, jasho linamchuruzika mpaka kwenye mshipi, na mtu wa itifaki akaandika jina lake.

Nikapiga magoti karibu na kichwa cha Siwema. Alikuwa mweupe kama karatasi, midomo imekauka. Akafumbua macho.

"Baba," akasema. "Mbona wanapiga makofi?"

Nikamwambia, "Wanakupongeza mwanangu. Umejifungua salama."

Akatabasamu. Kicheko chake hakikutoka, ila nilikiona kinavyotaka kutoka. "Ni mtoto gani?"

"Wa kike."

"Msimwite jina la waziri," akasema. Mpaka pale alikuwa ananitania.

* * *

Mheshimiwa Waziri alipanda jukwaani akiwa na msafara wake, akatazama, na macho yake yakalowa. Huyu ni mtu wa hisia, anajulikana. Aliwahi kulia kwa sababu ya chati.

"Nimekaa kwenye wizara hii kwa muda," akasema kwenye kipaza sauti changu, "lakini uhalisia wa namna hii sijauona. Huyu baba ndiye mwigizaji?"

"Mheshimiwa, mimi si mwigizaji, ni—"

"Sikilizeni sauti hiyo! Sikilizeni!" Akageuka. "Televisheni mlipata?"

Mpiga picha akasema walikuwa wanafunga vifaa, hawakupata.

"Basi baba, rudia kidogo. Kuanzia ulipoomba msaada."

Msinihukumu. Nilidhani nikirudia upesi atakata utepe upesi. Nikarudia. Nikasema jamani hili si igizo, huyu ni binti yangu, mtoto wangu anakufa. Mpiga picha akasema taa iko nyuma yangu, nigeuke. Nikageuka, nikasema tena. Waziri akapangusa macho, akapewa mkasi juu ya kisahani, akatoa hotuba fupi kuhusu mkasi, na akakata.

Sista Leokadia akamwachia Mzee Chande kazi ya kukandamiza, akavuta mlango wa jokofu kwa mikono miwili. Akatoa mfuko wa kwanza. Akaushika shavuni kama mtu anayempima mtoto homa. Akatoa wa pili. Wa tatu. Chini yake kulikuwa na soda za Waziri.

"Ya moto," akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha, king'ora chote kilikuwa kimekwisha. "Imeharibika yote. Nani kachomoa friji?"

Nikaufuata waya kwa macho. Ulikuwa umekunjwa vizuri, umefungwa kwa kamba ndogo, umewekwa juu ya jokofu. Na kwenye soketi, ile moja, ulikuwa umechomekwa waya mwingine, mrefu, mweusi, uliopita chini ya zulia, ukapanda jukwaani, ukaishia mkononi mwangu.

Sikuwahi kukipenda kitu kama nilivyokipenda kile kipaza sauti.

Siwema alikufa Waziri akiwa anauliza soda ya baridi iko wapi. Sista alimfumba macho, akauvua mshipi wake wa kijani, akamfunika nao uso. Mke wangu akapiga ukelele ambao hadi leo nausikia nikiwa naoga. Na ukumbi, mkunga kwa daktari, muuguzi kwa mfamasia, ukasimama wote kwa miguu ukapiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia.

* * *

Mambo mengine yaliendeshwa kwa utaratibu. Kulikuwa na mjadala mfupi kifo kile ni cha nani. Hakikutokea hospitalini, kwa hiyo sifuri ya Ng'ambo Mbili haikuguswa, alhamdulillahi. Hakikutokea barabarani, Waziri wa Barabara alileta ramani. Kilitokea Ukumbi wa Utamaduni. Binti yangu akahesabiwa kwa Wizara ya Utamaduni, kwenye jedwali moja na ngoma zilizopotea. Mtoto yeye alizaliwa hospitalini, akahesabiwa kwa Afya, mafanikio.

Sista Leokadia alishushwa cheo kwa kutosimama wakati wa wimbo wa taifa. Alifukuzwa vikaoni, adhabu kali kuliko zote kwetu, akarudishwa wodini ambako hakuna jokofu, hakuna kitanda, hakuna taa. Nasikia amekwenda mlimani kwa masista wa misheni. Nasikia pia kwamba huko hakuna mtu anayekufa hovyo, na tafadhali usilirudie jambo hili mbele za watu wa wizara.

Mke wangu haongei nami. Anamlea mtoto na Shebe. Jina walimpa Siwema, kama mama yake. Wizara iliandika kumwomba mtoto huyo aje kikaoni kama Mtoto wa Mfano, na mke wangu akawajibu kwa panga, akiwa amesimama mlangoni. Hawajarudi.

Wakanichukua mimi.

Si unaikumbuka kanuni? Chochote kinachofanya kazi. Na kilio changu kilifanya kazi, televisheni ilionyesha wiki nzima, mabalozi walilia. Kwa hiyo sasa nazunguka na jokofu. Kitanda kipo, geti lipo, anayelala kitandani ni mwanafunzi wa chuo cha sanaa. Baada ya mchezo wa mti mimi napanda jukwaani, natokwa na machozi, na sikudanganyi, si ya kuigiza. Yanakuja yenyewe kila mara, hata nikijaribu kuyazuia. Wizara inalifahamu hilo, ndiyo maana hawataki mwigizaji.

Nilijaribu kukataa. Dokta Fidelisi akasema hoja ni nzuri.

Juzi tulikuwa kwenye mazoezi, akanisimamisha katikati. Alikuwa kafumba macho, kalamu mdomoni. "Baba Siwema," akasema, "unafanya vizuri sana. Ila pale binti anapouliza, 'Baba, mbona wanapiga makofi?', wewe unajibu haraka mno. Nyamaza kidogo pale. Wape watu nafasi wapige."

Basi siku hizi nanyamaza. Binti wa chuo cha sanaa anauliza, mimi namtazama, simjibu, ukumbi mzima unanisubiri. Na kwa kuwa mshereheshaji bado ni mimi, na kwenye soketi bado kinachomekwa kipaza sauti, nakisogeza mdomoni, nawaambia wapashe viganja, na nawahesabia mwenyewe: moja, mbili, tatu.